Si mchoyo, ana miaka miwili tu

Hapa Arua, Uganda, mtoto wa miaka miwili akikumbatia andazi lake na kupiga kelele "Langu!", mashangazi hawakosi kusema amezaliwa mchoyo. Sivyo. Ndiyo kwanza anajitambua. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Beulah Amsterdam alichapisha utafiti ambamo watoto walipakwa rangi puani, kisha wakawekwa mbele ya kioo. Wachanga walicheza na "mtoto" wa kiooni. Waliokaribia miaka miwili, wengi waligusa pua zao wenyewe: walijua ni wao. Ni karibu na umri huohuo "yangu, yangu" huanza. Binti yangu hugombania hata sufuria tupu, halafu jioni ananilisha posho (ugali) bila kuombwa! Kumnyang'anya eti ajifunze kutoa kunamfunza tu kwamba mwenye nguvu huchukua. Afadhali zamu: mwenzake acheze, kisha arudishiwe chake.