"Wape Hela Tu, Watachapa Kazi": Kauli Niliyochoka Kuisikia

Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha bajeti cha halmashauri moja. Chai haijapoa, mjumbe akasimama: "Hawa wauguzi wape hela tu, watachapa kazi." Wenzake wakapiga meza. Ni mara ya tano mwaka huu kuisikia kauli hiyo, na kila mara huzaa bajeti mbovu.

Dhana: Ukiongeza motisha ya fedha, huduma zote zinapanda

Hazipandi zote. Tanzania tulilijaribu jambo hili mkoani Pwani kuanzia 2011, vituo vikilipwa kwa kufikia malengo ya afya ya mama na mtoto. Tathmini ilikuta wanaojifungulia kituoni wameongezeka kwa pointi 8 hivi za asilimia, na wajawazito waliopewa SP, vidonge vya kukinga malaria, kwa pointi 10 hivi. Huduma nyingine zilizokuwa kwenye orodha ileile ya malipo hazikusogea kiasi cha kuonekana. SP iko mezani kwa muuguzi na mama ameshafika kliniki, kinachobaki ni kumpa. Kumtoa mama nyumbani mapema ni habari ya nauli, umbali, mume na msimu wa kulima.

Na hao waliojifungulia kituoni, hela haikuwavuta kwa kuingia mfukoni mwa mkunga pekee. Watafiti walipofuatilia, walikuta dawa na vifaa vinapatikana zaidi, usimamizi umeongezeka, akina mama hawatozwi kama zamani, na wakunga wamekuwa wapole zaidi wakati wa kuzalisha. Ukitoa bonasi halafu ukaacha stoo tupu, umenunua nini?

Rwanda walipima kwa umakini zaidi, katika vituo 166. Vile ambavyo havikulipwa kulingana na kazi iliyofanyika viliongezewa fedha za kiasi hichohicho bila masharti, ili ijulikane kama kinachofanya kazi ni motisha au ni bajeti kunenepa. Kujifungulia kituoni kulipanda kwa asilimia 23, na mahudhurio ya kinga ya watoto yakapanda zaidi ya hapo. Lakini idadi ya wajawazito waliokamilisha mahudhurio manne haikupanda, wala ya watoto waliokamilisha chanjo.

Kisha kuna Haut-Katanga, kwa ndugu zetu wa Kongo, na laiti kila diwani angelisikia hili. Kundi moja la vituo lililipwa kwa idadi ya wagonjwa, jingine likapewa kiasi kisichobadilika. Wale wa kwanza walijituma kweli: walipunguza ada, wakaenda vijijini kuhamasisha. Wagonjwa hawakuongezeka. Mradi ulipokwisha, mahudhurio kwao yakawa chini kuliko kwa wenzao. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Ukimzoesha mtu kumhesabu kila mgonjwa kama hela, siku hela ikikatika unamwachia nini?

Ndiyo maana kila halmashauri inayoniita naiambia jambo lilelile: kabla ya kubuni motisha mpya, lipeni madeni ya watumishi. Posho ya kuitwa kazini usiku, fedha za uhamisho, fedha za likizo. Muuguzi anayedai miaka miwili, ukimwahidi bonasi unamtukana. Mkishalipa, wekeni tarehe ya malipo na muiheshimu, kisha mgawanyo ubandikwe ukutani kila mtu auone. Bonasi inayochelewa miezi sita haimwamshi mtu saa tisa usiku.

Dhana: Mwenye wito hajali hela

Wanaosema hivi kwa kawaida mshahara wao umeshaingia. Zambia, mwaka 2010, serikali ilikuwa inaajiri kada mpya ya wahudumu wa afya ya jamii. Baadhi ya maeneo matangazo yalisisitiza kupanda cheo, mengine kuitumikia jamii. Waliovutwa na cheo walitembelea kaya nyingi zaidi kwa asilimia 29. Mtu anaweza kuwapenda wagonjwa na bado akataka maisha yake yasonge.

Dhana: Malipo kwa ufanisi ni kufundisha watu kupika takwimu

Yanafundisha, kama hamhakiki. Chukueni majina kwenye rejesta za MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma kituoni, mwende kijijini mkawatafute hao akina mama mmoja mmoja. Jina lisilopatikana halilipwi. Halmashauri isiyo na bajeti ya uhakiki isianze kabisa.

Dhana: Motisha ni ya waganga na wauguzi

Anayefua mashuka ya wodi ya wazazi yumo, na mlinzi anayefungua geti saa nane usiku yumo. Kituo kimoja nilichokagua kiliwaacha nje ya mgawanyo. Niliporudi miezi mitatu baadaye, chumba cha kujifungulia kilikuwa kinadekiwa mara moja kwa siku.