Je, wazo la uchumi hufa na chama chake?

Wengi huamini kwamba wazo la kiuchumi lililozua ugomvi wa kisiasa huzikwa pamoja na waliolitetea. Mara nyingi hubaki, ila bango limebadilishwa. Kodi ya mapato inayopanda kwa ngazi ilionekana ya kimapinduzi katika karne ya 19. Leo hutozwa na serikali za mrengo wa kushoto na wa kulia. Tuseme 1,000 za kwanza za mapato hazikatwi, 2,000 zinazofuata hukatwa asilimia 10, zinazozidi hapo asilimia 20. Mwenye 4,000 hulipa 400, si 800 (wengi huteleza kwa kukata asilimia 20 ya zote). Ukitaka kuhakiki kama wazo limebaki, linganisha majedwali ya kodi ya kabla na baada ya serikali kubadilika. Ngazi zikibaki na viwango pekee vikasogezwa, wazo lingali hai.