Je, wajua faini ya benki ya Kiislamu huenda wapi?

Umechukua bajaji kwa murabaha. Benki imeinunua dukani kwa milioni 8, ikaimiliki, kisha ikakuuzia kwa milioni 10, ulipe laki tano kila mwezi kwa miezi 20. Mwezi wa saba mambo yakakwama, rejesho likachelewa. Kufungua taarifa ya akaunti, unakuta umekatwa pesa ya ucheleweshaji. Hapo ndipo wateja huja juu: "Si mlisema hakuna riba?"

Wana haki ya kuuliza. Murabaha ni mauzo, na bei ikishakubaliwa imefungwa. Uchelewe mwezi au mwaka, deni ni lile lile milioni 10. Kuliongeza kwa sababu muda umepita ndiyo riba yenyewe ya zama za ujahiliya, kabla ya Uislamu: lipa, au deni lizidi.

Tatizo ni wale wenye pesa wanaochelewesha makusudi. Mtume (S.A.W.) alisema mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Ndiyo maana viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayotunga kanuni za fedha za Kiislamu, vinaruhusu mteja aahidi mkatabani kwamba akichelewa atatoa kiasi fulani cha sadaka. Pesa hiyo inapitia benki, lakini si mapato yake; inapelekwa kwenye mambo ya heri, bodi ya sharia ikisimamia. Kwa hiyo ukilalamika, uliza moja kwa moja: sadaka yangu imekwenda wapi?

Aliyekwama kweli ana hukumu yake. Aya ya 280 ya Al-Baqara inaamuru apewe muda mpaka apate nafuu. Una barua ya kuachishwa kazi au karatasi za hospitali? Zipeleke mapema, kwa maandishi, uombe tarehe zipangwe upya. Tarehe, si bei.

Mkishindwana, usikimbilie kwa kadhi. Kenya, ibara ya 170 ya Katiba inampa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, benki haimo. Mahakama za kawaida nazo husoma mkataba. Mwaka 2004, katika kesi ya Shamil Bank ya Bahrain na Beximco ya Bangladesh, wadaiwa walijitetea kwamba murabaha yao ilikuwa mkopo wa riba uliovishwa kanzu. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikasema mkataba hauwezi kutawaliwa na sheria mbili, ya Kiislamu na ya Uingereza, ikashika ya Uingereza, na rufaa yao ikatupwa.