Je, wajua kwa nini kusini mwa Ufaransa mtu hununua nyumba mpya bila kununua kiwanja chake?

Mwambie mzaliwa wa Paris kwamba kuna mahali mtu anamiliki kuta, paa na mlango, ilhali ardhi iliyo chini yake ni mali ya mwingine, atakuomba urudie. Mwambie mtu wa Majengo, Mombasa, naye atakuuliza tu kodi ya kiwanja ni kiasi gani kwa mwezi. Kwa watu wa pwani ya Kenya "nyumba bila ardhi" si kitendawili. Mwenye ardhi anakuruhusu, unajenga, kila mwezi unamlipa kodi ya kiwanja, na nyumba yako unaweza kuiuza au kuwaachia wanao huku kiwanja kikibaki cha mwenyewe.

Jambo hilohilo, limevishwa suti na kupigwa mhuri wa serikali, ndilo leo linalowawezesha wauguzi, walimu na madereva wa basi wa Montpellier, Toulouse au pwani ya Wabaski, kusini-magharibi, kununua nyumba mpya ambazo vinginevyo wangeishia kuziona kwenye dirisha la dalali. Wafaransa wanaliita bail réel solidaire, kwa kifupi BRS. Tuseme ni upangaji wa ardhi wa mshikamano.

Kwa nini wafike huko? Kwa sababu kinachoumiza ni ardhi. Saruji, tofali na ujira wa fundi havipishani sana kati ya kijiji cha katikati ya Ufaransa na mji wa Nice. Kiwanja ndicho kinachopishana, tena vibaya. Nice milima imeiegemea bahari, na sehemu tambarare ya kujengea ni ukanda mwembamba. Kando ya pwani yote, sheria ya mwaka 1986 inakataza kujenga ndani ya mita 100 kutoka ufukweni nje ya maeneo ambayo tayari ni mji. Bondeni nako kuna ramani za mafuriko, na watu wa kusini hawazichukulii kwa mzaha: tarehe 3 Oktoba 1988 mvua ya saa chache iligeuza mitaa ya Nîmes kuwa mito, watu wakafa. Juu ya hayo, sheria ya tabianchi ya mwaka 2021 imeitaka nchi nzima ipunguze kwa nusu ardhi mpya inayoliwa na ujenzi katika muongo wa 2021 hadi 2031, na ifikapo 2050 kila kipande kipya kinachofunikwa kwa saruji kifidiwe kwa kingine kinachorudishiwa uasili wake.

Halafu kuna jua. Wastaafu wa kaskazini hulifuata, wenye fedha hununua nyumba za mapumziko. Nenda La Grande-Motte, mji wa kitalii uliochorwa miaka ya 1960 kwenye pwani ya Languedoc, uone Januari madirisha yalivyofungwa ghorofa baada ya ghorofa. Mfanyakazi wa hapo, anayefagia mitaa hiyohiyo, anashindania kiwanja na mtu anayekuja wiki sita kwa mwaka.

Sasa tuingie jikoni. Sheria ya tarehe 24 Machi 2014 iliruhusu kuundwa kwa taasisi za ardhi zisizo za faida, na amri ya Julai 2016 ikazipa mkataba wa kutumia. Taasisi inanunua kiwanja, au inapewa na manispaa, na haikiuzi. Kampuni au chama cha ushirika kinajenga juu yake. Wewe unanunua nyumba tu, na kwa ardhi unapewa haki ya kuikalia kwa miaka kati ya 18 na 99, ukilipa kila mwezi kodi ya kiwanja, kwa kawaida euro chache kwa mita ya mraba. Kwa nyumba ya mita za mraba 65, kodi ikiwa euro 2, hiyo ni euro 130 kwa mwezi. Kwa kuwa bei ya kiwanja imeondolewa, nyumba huweza kuuzwa chini ya bei ya soko kwa kiasi kikubwa, na kwenye miji iliyobanana pengo huwa kubwa zaidi.

Hapa ndipo ndugu zetu wa Majengo wanapaswa kutega sikio. Udhaifu mkubwa wa nyumba bila ardhi ya Mombasa ulikuwa kwamba mkaaji mara nyingi hakuwa na mkataba wa miaka. Alikaa kwa hiari ya mwenye ardhi. Ardhi ikiuzwa, mnunuzi mpya angeweza kufika na tingatinga. Ndiyo maana nyumba nyingi zilijengwa kwa udongo na kuezekwa makuti au mabati, kwani nani amwage zege mahali asipojua kama mwakani atakuwepo? Ufaransa walikata mzizi huo. Mwenye ardhi ni taasisi iliyoidhinishwa na serikali, na unapouza nyumba, saa inarudishwa mwanzo: kama mkataba ulikuwa wa miaka 99 na wewe umekaa 20, anayekufuata anaanza na 99 yake, si 79.

Bei ya usalama huo ni masharti. Kipato cha kaya kisivuke kiwango kilichowekwa kulingana na idadi ya watu na eneo. Nyumba iwe makazi yako hasa, si ya kupangisha watalii wa Julai. Na unapouza huuzi kwa bei ya soko: unauza kwa bei uliyonunulia ikiongezwa kwa kanuni iliyo kwenye mkataba, tena kwa mtu ambaye naye ana kipato kinachokubalika. Ukifariki, mwenzi wako anaendelea kukaa. Mtoto anaingia akikidhi masharti ya kipato, na asipokidhi nyumba inauzwa naye anachukua fedha. Wapo Wafaransa wanaosema huko si kumiliki bali ni kupanga kwa jina la heshima. Sikubaliani nao kabisa. Anayetaka kununua leo auze keshokutwa kwa faida asiingie humu, kweli. Lakini anayelipa kodi ya nyumba miaka kumi na tano bila kubaki na hata kigae, hesabu hii inamfaa.

Lakini mbona mpya? Si nyumba kuukuu ndiyo rahisi siku zote? Kwa bei ya mlangoni, mara nyingi ndiyo. Ila kodi za serikali zinabadilisha hesabu. Ukinunua nyumba ya zamani Ufaransa, gharama za notari, yule mwanasheria anayeandika hati, hufika kama asilimia 7 hadi 8 ya bei, na sehemu kubwa ya hizo si ujira wake bali ni ushuru wa kuhamisha mali unaokwenda kwa mkoa na manispaa. Nyumba mpya tayari imetozwa kodi ya ongezeko la thamani, hivyo gharama za notari hushuka hadi asilimia 2 au 3. Na hiyo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 20, hushuka hadi 5.5 kwa nyumba za BRS, na pia kwa wenye kipato cha kawaida wanaonunua ndani au karibu na mitaa ambayo serikali imeiweka kwenye orodha ya kuinuliwa. Marseille na Perpignan zina mingi. Chukua nyumba ya euro 200,000 kabla ya kodi. Kwa asilimia 20 unalipa 240,000, kwa 5.5 unalipa 211,000. Euro 29,000 zimebaki mfukoni bila kubishana na mtu.

Juu yake kuna mkopo wa serikali usio na riba, ulioanza mwaka 1995, kwa mtu ambaye kwa miaka miwili iliyopita hakuwa na nyumba yake ya kuishi. Haulipii nyumba nzima, ni kipande tu, na kiasi chake kinategemea kipato na aina ya nyumba. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 umefunguliwa kwa nyumba mpya popote nchini, zikiwemo za kusimama peke yake vijijini, ambazo kabla ya hapo zilikuwa zimeachwa nje.

Kuna jambo moja linalomtisha kila Mwafrika Mashariki ninayemweleza habari hii: nyumba mpya za aina hii kwa kawaida hununuliwa zikiwa bado karatasi. Wanasema kununua kwenye ramani. Sisi tuna watu wengi waliolipa ramani wakabaki na ramani. Wafaransa nao walikuwa nao. Mwaka 1961 kampuni ya kujenga nyumba za bei nafuu iliporomoka karibu na Paris ikiwa na wanunuzi walioshatoa fedha, na kati ya waliokamatwa alikuwa msanifu wa majengo Fernand Pouillon. Huyu alikuwa kipenzi cha kusini. Ndiye aliyejenga upya ukingo wa Bandari Kongwe ya Marseille baada ya Wajerumani kuulipua mtaa ule mwaka 1943, na Aix-en-Provence aliahidi nyumba 200, kwa siku 200, kwa faranga milioni 200, kwa mawe ya kuchongwa badala ya zege. Alitoroka akiwa kizuizini mwaka 1962, akajitokeza mwenyewe wakati wa kesi, akahukumiwa kifungo mwaka 1963. Nyumba zake za mawe bado zimesimama na watu wanazililia.

Sheria ya kununua kwenye ramani ikatoka tarehe 3 Januari 1967, na siri yake ni nyepesi: fedha haitangulii ukuta. Kishika uchumba, yaani fedha ya kuiwekea nyumba nafasi kwa makubaliano ya awali, hakizidi asilimia 5 ya bei kama hati itasainiwa ndani ya mwaka mmoja, na kinakaa kwenye akaunti iliyofungwa ambayo mjenzi hawezi kuigusa. Baada ya kusaini makubaliano hayo ya awali una siku 10 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Baadaye, msingi ukikamilika mjenzi hawezi kuwa amekudai zaidi ya asilimia 35 ya bei; nyumba ikishaezekwa na mvua haiingii, 70; ujenzi ukiisha, 95. Tano za mwisho unazitoa unapopewa funguo, na ukiona kasoro unaweza kuzizuia. Juu ya yote lazima kuwe na benki au bima iliyodhamini kwamba mjenzi akianguka, jengo litamalizwa.

Mwenye kiwanja chake, tuseme alichorithi kijijini katika mkoa wa Aude, anatumia mkataba mwingine, wa sheria ya mwaka 1990, ambapo mjenzi anafunga bei mapema na akichelewa anatozwa faini isiyopungua sehemu moja ya elfu tatu ya bei kwa kila siku. Nyumba ya euro 180,000, hiyo ni euro 60 kwa siku. Mafundi wa kwetu wasisomewe aya hii.

Ukishahamia, mjenzi anabaki na deni la kurekebisha: mwaka mmoja kwa kasoro zote, miaka miwili kwa vifaa vinavyoondolewa kama shata na pampu, na miaka kumi kwa vitu vinavyotishia jengo lenyewe. Hiyo miaka kumi ni ya zamani, imo kwenye sheria za madai za Napoléon za mwaka 1804; kilichoongezwa mwaka 1978 ni kwamba lazima ikatiwe bima.

Bado yapo yanayouma. Benki inapotoa fedha kwa awamu, wewe unaanza kulipa riba ya kila awamu ilhali bado unapanga kwingine, na ujenzi ukichelewa miezi sita unabeba mizigo miwili. Nyumba nyingi hukabidhiwa bila makabati wala jiko, kwa hiyo siku ya funguo unakuta sinki na mabomba. Na udongo wa kusini ni wa mfinyanzi sehemu nyingi: kiangazi unanywea, mvua zikija unavimba, kuta zinapasuka. Tangu Oktoba 2020, anayeuza kiwanja cha kujengea nyumba kwenye maeneo yenye hatari hiyo analazimika kutoa uchunguzi wa udongo, na ningeusoma kabla ya kuangalia rangi ya vigae. Joto nalo limeingia kwenye sheria: nyumba zilizoombewa kibali tangu 2022 hupimwa kwa hesabu jinsi zitakavyopata moto wakati wa kiangazi, ndiyo maana nyumba mpya za Montpellier zinarudi kwenye shata za nje na vibaraza vyenye kivuli, vitu ambavyo bibi yeyote wa Provence angewaambia bila kompyuta.

Wazo la kutenganisha nyumba na ardhi kwa ajili ya wanyonge Wafaransa walilitoa Marekani. Mwaka 1969 wakulima Weusi wa Georgia walianzisha shamba la pamoja la namna hiyo, na mwaka 1984 mji wa Burlington, Vermont, ukalifanya la nyumba za mjini. Lakini kabla ya kufika Montpellier lilipita Voi, mji wa Kenya. Miaka ya 1990, wakazi wa kitongoji kiitwacho Tanzania-Bondeni, kilichoanzishwa na vibarua wa reli na wa mashamba ya katani, waliulizwa kama wanataka kila mtu apewe hati yake au ardhi ibaki ya wote na kila mtu amiliki nyumba. Wakachagua ardhi ya wote. Hofu yao ilikuwa kwamba kila mmoja akiwa na hati yake, wenye fedha wangekuja kuwanunua nyumba moja moja hadi kitongoji kiishe. Sheria ya Ufaransa iliandikwa karibu miaka 20 baadaye.