Tisini Inayokosa: Malalamiko ya Wachezaji wa Fire Emblem

Lalamiko ninalolisikia kuliko yote kuhusu gemu la vita la Fire Emblem, ile ya Game Boy Advance (mashine ya mkononi ya Nintendo) iliyotoka Japani na Marekani mwaka 2003, ni kwamba gemu linaiba. Nalisikia Mwanjelwa hapa Mbeya, nalisikia kwa vijana wa Iyunga na Uyole, na karibu kila anayelalamika ana kisa kilekile: skrini ilionyesha uwezekano wa kupiga wa 90, akashambulia, akakosa, adui akajibu, askari wake akafa. "Mwalimu, tisini! Tisini nzima inakosaje?" Nafundisha takwimu na gemu hili nimelicheza miaka mingi, kwa hiyo swali hilo linanigusa kotekote. Na ukweli ni kwamba namba ile ya skrini kweli inadanganya, ila inadanganya kwa kumpendelea huyohuyo anayelalamika.

Kwa asiyelijua gemu lenyewe: linachezwa kwa zamu, kwenye ramani iliyogawanywa miraba. Unawaongoza Lyn, Eliwood, Hector na watu wao. Unasogeza wako wote, kisha adui anasogeza wake. Upanga unalishinda shoka, shoka linaushinda mkuki, mkuki unaushinda upanga, na mwenye silaha ya juu anaongezewa 15 kwenye uwezekano wa kupiga. Askari aliyesimama msituni anampunguzia adui 20. Kabla hujathibitisha shambulio, skrini inakuwekea wazi uwezekano wa kupiga na uwezekano wa kriti, yaani pigo linaloumiza mara tatu. Mchezaji mzuri hasogezi mtu kabla ya kuzisoma namba hizo.

Sasa, ukiona 90 utadhani mashine inachota namba moja nasibu kati ya 0 na 99, na ikiwa chini ya 90 basi umepiga. Matoleo ya mwanzo, tangu mfululizo ulipoanza kwenye Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, mwaka 1990, yalikwenda hivyo. Kuanzia The Binding Blade ya 2002 utaratibu ukabadilika: mashine inachota namba mbili, inazitafutia wastani, na wastani huo ndio unaolinganishwa na 90. Wastani wa namba mbili huelemea katikati. Ili ukose, zote mbili lazima ziwe kubwa sana kwa pamoja, na hilo hutokea kwa nadra. Kaa na karatasi uhesabu jozi zote 10,000 zinazowezekana. Zitakazokukosesha ni 190 tu. Maana yake 90 ya skrini ni 98.1 halisi. Vilevile 80 ni 92.2, na 70 ni 82.3. Ukishuka chini ya 50 mambo yanageuka: 30 inakuwa 18.3, 20 inakuwa 8.2, na 10 inabaki 2.1.

Angalia nani anafaidika. Wewe ndiye unayechagua pa kusimama na wa kumshambulia, kwa hiyo mara nyingi unapiga kwa namba kubwa, na adui anakupiga kwa namba ndogo. Namba kubwa zinainuliwa, ndogo zinashushwa.

Mbona basi watu wanalia? Hesabu hiyohiyo inajibu. Ukishambulia mara 300 kwa 90 ya skrini, tarajia kukosa kama mara sita. Mashine ingekuwa ya namba moja, ungekosa kama mara 30. Mapigo yale 294 yaliyofika hakuna anayeyakumbuka, kwa sababu yalifanya kilichotarajiwa. Sita yale yanasimuliwa mwaka mzima. Tena katika Fire Emblem askari akifa amekufa jumla, harudi sura inayofuata, yaani vita inayofuata ya gemu. Kosa moja linaweza kukunyang'anya mtu uliyemlea tangu mwanzo wa safari. Akifa Lyn, Eliwood au Hector, ni kuanza sura upya kabisa. Uchungu unaozungumziwa pale Mwanjelwa ni wa kumpoteza mtu, na naukubali kabisa. Kilichokosewa ni kumtwisha mashine lawama.

Hapa ndipo wachezaji wanapogawanyika kweli. Wapo wanaosema kifo cha jumla ndicho kinacholipatia gemu uzito, na kwamba bila hicho ungekuwa unasukuma watu mbele ovyo. Wapo wanaosema wana muda mfupi jioni, na kurudia sura ya saa nzima kwa ajili ya pigo moja ni adhabu isiyo na sababu. Watengenezaji, Intelligent Systems, walisikiliza kundi la pili: mwaka 2010 waliweka hali ambayo aliyeanguka anarudi baada ya vita, na Awakening ya Nintendo 3DS, iliyotoka Japani 2012, ikaipeleka hali hiyo duniani kote. Mimi nacheza ile ya zamani. Hata hivyo nimewaona wengi wakianza na ile nyepesi, wakajifunza ramani, kisha wakahamia ile ngumu kwa hiari yao, kwa hiyo sioni sababu ya kumcheka yeyote. Wazee wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda kule Kabwe ndio hawalikubali kabisa: kwao mchezo wa akili wenye bahati ndani yake umeshaharibika. Hao siwezi kuwabishia. Ni ladha.

Ubishi mwingine unaoendelea bila kuisha ni nani askari mzuri na nani mzigo. Huu nao una takwimu ndani. Kila askari akipanda levo, nguvu, kasi na sifa zake nyingine hupanda kwa uwezekano, na hapa mashine inatumia namba moja tu, hakuna wastani wa kulainisha. Chukua sifa yenye uwezekano wa asilimia 50. Kwa levo kumi unatarajia ipande mara tano. Lakini mchezaji mmoja kati ya karibu sita ataipata mara tatu au pungufu, na mwingine kati ya sita ataipata mara saba au zaidi. Wawili hao wakikutana Uyole, mmoja ataapa kwamba askari yule ni taka, mwenzake ataapa ni simba, na kila mmoja anasema kweli kuhusu askari aliyempata yeye. Ndiyo maana maoni ya mtu aliyemaliza gemu mara moja nayasikiliza kwa adabu, lakini sijengi chochote juu yake. Marcus, mpanda farasi mzee unayepewa mapema, kwa miaka alisemwa vibaya kwamba anawala vijana uzoefu, yaani pointi za kupandia levo. Walipoanza kulinganisha michezo mingi, wengi waligeuka, na leo anahesabiwa miongoni mwa bora.

Kuna pia wanaozima mashine na kuwasha tena wakitumaini bahati itabadilika. Haibadiliki. Gemu huhifadhi mpangilio wa namba zake, ukirudia hatua zilezile utapata matokeo yaleyale. Wajanja wameligundua hilo na wanazichoma namba mbaya, yaani wanazimaliza mapema, kwa kuzungusha mshale unaoonyesha njia ya kupita kabla ya kusogeza mtu. Sheria haikatazi, ila utamu wenyewe unaondoka.

Nina kinyongo kimoja na watengenezaji. Ningependa namba halisi iandikwe. Kijana aliyekulia kwenye 90 inayopiga mara 98 anaingia darasani kwangu akiamini 90 ni uhakika, na nikimwambia kwamba mbegu ya mahindi yenye uotaji wa asilimia 90, ikipandwa moja kwa kila shimo, itaacha kwa wastani shimo moja tupu kati ya kumi, anashangaa. Namba ikiandikwa 98, gemu lingebaki na utamu uleule.

Mpaka hapo, ukicheza kumbuka tofauti moja. Upande wa kupiga unapewa namba mbili. Kriti inapewa moja. Adui mwenye kupiga 20 na kriti 12 anakupata mara chache sana, lakini akishakupata, 12 hiyo ni 12 kweli. Kama pigo la mara tatu linamuua Lyn, usimweke hapo. Mweke Hector, mwenye deraya nzito.