Je, wajua kwa nini wapiga besi huchemsha nyuzi zao?

Bandika sufuria ya maji jikoni. Yakichemka, tumbukiza nyuzi nne za gitaa la besi, umezikunja kama kata ya kubebea ndoo kichwani. Baada ya dakika kumi zitoe, zikaushe, zirudishe kwenye gitaa. Uzi uliokuwa ukilia du, du, kama mtu anagonga dumu, sasa unalia hadi madirisha yanasikia. Wapiga besi wamekuwa wakifanya hivi kwa miongo mingi, na si ushirikina. Kweli inafanya kazi.

Kwa nini? Nilipoulizwa swali hili mara ya kwanza na kijana niliyekuwa nikimfundisha kwenye kwaya, nilimjibu bila hata kuvuta pumzi: chuma kimechoka, moto unakirudishia nguvu. Niliendelea kujibu hivyo kwa miaka. Nilikuwa nimekosea, na kosa langu lilidumu kwa sababu linaingia akilini vizuri mno.

Sote tumemwona mhunzi, au tumesimuliwa habari zake. Anapasha chuma, anakizamisha majini, chuma kinatoka kigumu. Basi uzi wa besi nao ni chuma, umepigwa miezi sita, umelegea, ukiupasha moto utakaza. Tena kuna ushahidi wa kubabaisha: mpiga gitaa Eddie Van Halen alisimulia kwamba alikuwa akichemsha nyuzi zake. Lakini yeye alichemsha nyuzi mpya, akitaka ziwahi kuvutika ili zisipoteze tyuni jukwaani. Sisi tukasikia neno "kuchemsha" tu, mengine tukayajazia wenyewe.

Tatizo la kwanza ni joto lenyewe. Mhunzi anacheza na chuma chekundu, mamia ya nyuzijoto. Maji ya sufuria hayavuki nyuzi 100 (Kiswahili nacho kinatutega: nyuzi ndani ya nyuzi mia moja). Kwa joto hilo waya wa chuma hausikii chochote cha maana. Ukipanda Mbeya, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na nyuzi za besi zinafufuka vilevile.

Tatizo la pili ndilo lililonimaliza. Wapo wasiochemsha kabisa. Wanachukua bomba la plastiki lenye vifuniko pande zote mbili, wanatia spiriti, wanazamisha nyuzi usiku kucha, asubuhi wanazitoa zinalia kama zilizotoka dukani. Moto haukuhusika popote. Kama ingekuwa chuma kinaponywa na joto, spiriti ya baridi ingekiponya kwa dawa gani?

Na usiseme kutu. Kutu ipo, na inachubua vidole, lakini maji ya moto hayaondoi kutu. Yanaweza kuileta.

Kilichobaki ni jibu lisilo na heshima yoyote: nyuzi zilikuwa chafu. Zimeoshwa. Basi.

Jibu ni fupi, ila linaacha swali gumu zaidi nyuma yake. Kwa nini uchafu kidogo hivyo, usioonekana hata kwa jicho, uue sauti ya waya mnene kama ule? Hapo ndipo panapopendeza, tukae kidogo.

Uzi wa besi si waya mmoja. Katikati una kiini cha chuma, na juu yake umezungushiwa waya mwingine, mzunguko kando ya mzunguko, tangu mwanzo hadi mwisho. Sababu ni uzito. Uzi wa chini kabisa, E, unatakiwa utetemeke mara 41 tu kwa sekunde kwenye urefu wa sentimita 86 hivi, na kwa hilo lazima uwe mzito. Ukiutengeneza kwa waya mmoja mnene, utapata nondo. Kwa kuzungusha waya juu ya kiini chembamba unapata uzito bila ukakamavu. Uzi unakuwa mzito lakini unapinda.

Sasa ukiupiga, hautetemeki kwa namna moja. Uzi mzima unakwenda na kurudi mara 41 kwa sekunde. Wakati huohuo nusu zake zinatetemeka mara 82, theluthi zake mara 123, robo zake zaidi, hadi vipande vidogo vya ishirini na kuendelea. Uzito wa besi unaousikia kifuani unatoka kwenye mitetemo mikubwa. Ule mng'ao, ile "klang" ya uzi mpya, unatoka kwenye vipande vidogo.

Fikiria mnyororo wa baiskeli iliyopita kwenye matope. Matope yamekauka, mchanga umeingia kwenye kila kiungo. Ukiuvuta ukiwa umenyooka, hakuna shida. Ukiuzungusha kwenye giya kubwa, viungo vinapinda kidogo tu, unasikia mchakacho wa mbali. Ukiuhamishia kwenye giya dogo, kila kiungo kinalazimika kujikunja sana, na hapo ndipo mchanga unapolia krrr, na mguu wako ndio unaolipa. Mchanga ni uleule. Kilichobadilika ni kiasi cha kupinda.

Uzi wa besi nao una giya zake. Mtetemo mkubwa ni giya kubwa: sentimita 86 zote zinapinda taratibu, mpindo mpana. Kipande cha ishirini ni giya dogo kabisa: kina sentimita nne na ushee, na kinapinda huku na huku zaidi ya mara 800 kwa sekunde. Kila kinapopinda, mizunguko ya waya inaachana kidogo upande wa nje na kubanana upande wa ndani. Pakiwa pasafi, waya unapita na shughuli zake. Pakiwa na chumvi ya jasho, mafuta ya ngozi na vipande vya ngozi yenyewe vilivyokauka, waya unasagana na uchafu, na nguvu ya mtetemo inageuka joto dogo lisilomfaa mtu. Ndiyo maana uzi mchafu haupungui sauti kwa usawa. Unakufa kuanzia juu. Mng'ao unaondoka, kishindo kinabaki: du.

Kuna na jambo la pili. Uchafu haukai sawasawa, unarundikana pale vidole vinapokaa, na kwa wengi wetu ni freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) chache za mwanzo. Sehemu moja ya uzi ikiwa nzito kuliko nyingine, mitetemo midogo haiwi tena mafungu kamili ya ule mkubwa, na uzi unaanza kusema uongo: ukiupiga wazi uko sawa, ukifika freti ya 12 umepotea. Lawama igawanywe vipi kati ya msuguano na uzito? Msuguano ndio naupa kubwa, kwa kuwa unaeleza vizuri kwa nini sauti za juu ndizo zinazotangulia kufa, ila asilimia sitoi. Wanaozitoa kwa kawaida wanauza nyuzi.

Ukitaka kuuona uchafu wenyewe, chungulia sufuria. Dakika tatu za kwanza maji ni meupe. Kisha yanaanza kuwa na rangi ya moshi, juu panatanda kitu kama mafuta ya supu iliyopoa, na jikoni panatoka harufu ya sarafu za zamani. Joto limelainisha mafuta, maji yameyeyusha chumvi, mapovu yamesukuma vilivyolegea. (Sufuria iwe ya kazi hiyo tu. Nililijua hilo kwa njia ngumu, na mama mwenye nyumba hajasahau.)

Ufufuo huu una mipaka yake. Freti zinaacha vidonda vidogo kwenye waya wa nje, na kidonda hakichemki kikaisha. Maji yanayobaki kati ya waya na kiini yanaleta kutu ya ndani, kwa hiyo wengine huzikausha kwenye oveni; spiriti ina nafuu hapo kwa kuwa inakauka yenyewe, mradi uiweke mbali na moto. Sauti mpya hudumu siku chache, au wiki mbili, kutegemea jasho la mpigaji. Na kuna kejeli ndogo: chuma kuchoka kweli kupo, lakini ni pale uzi unapojikunja kwenye kigingi cha kukazia. Kila safari ya kwenda jikoni unaufungua na kuukunja tena mahali palepale. Ukikatika, utakatikia hapo. Kwa hiyo dawa yenyewe ndiyo inayoleta ule ugonjwa ambao mimi nilidhani inautibu.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila mtu anataka mng'ao. Historia inakataa. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender wa Marekani alitoa besi yake ya Precision mwaka 1951, Jazz Bass ikafuata 1960. La kushika ni kwamba besi hizo za mwanzo zilifungwa nyuzi bapa, zenye waya wa nje ulio laini kama utepe, na kiwandani ziliwekewa sponji chini ya kifuniko cha daraja (pale nyuzi zinaposhikiliwa kwenye mwili wa gitaa) ili zisilie sana. Nyuzi za waya wa mviringo, zile zenye klang, zilishika kasi baada ya 1966, John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, aliposhirikiana na Rotosound, watengenezaji wa nyuzi wa Uingereza.

James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, Marekani, hakutaka habari hizo. Alipiga Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa nene za kampuni ya La Bella, kwa kidole kimoja cha shahada, na inajulikana kwamba hakuwa akibadilisha uzi mpaka ukatike. Wanaomkumbuka wanamhusisha na msemo kwamba uchafu ndio unaoushikilia utamu. Kwa fizikia ya mnyororo wa baiskeli, hakukosea: uchafu ulikuwa sehemu ya ala yake. Gitaa lenyewe liliibiwa muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983.

Hili linagusa mfuko wa anayenunua besi kongwe. Kila kitu kwenye gitaa hilo kinaweza kusomwa umri. Potenshiometa (kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti) iliyoandikwa 304 6612, kwa mfano, ni ya kiwanda cha Stackpole, wiki ya 12 ya mwaka 1966. Uzi haujaandikwa tarehe popote. Muuzaji mjanja hufunga nyuzi mpya ili gitaa ling'ae dukani, na mnunuzi analipenda kwa sauti ambayo baada ya mwezi haipo. Au kinyume chake: gitaa linakuja na nyuzi bapa za miaka mingi, mnunuzi anazikata na kuzitupa siku ya kwanza, kisha anashangaa ile sauti ya zamani imekwenda wapi. Ukizibadilisha kwa nyembamba, kumbuka nyuzi nne huvuta shingo kwa zaidi ya kilo 70. Mvuto ukipungua, shingo itasogea na itabidi irekebishwe.

Mimi nilizichemsha. Si za gitaa langu, za gitaa la kanisani, nyuzi bapa ambazo hakuna aliyejua umri wake. Jumapili mzee wetu wa besi aliingia, akalishika, akapiga noti mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kaliosha hili?"

Nikamweleza kwa fahari, sufuria, dakika kumi, kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akachana kipande cha sponji kwenye mto wa kiti cha nyuma, akakipachika chini ya nyuzi karibu na daraja, akapiga ibada nzima hivyo.