Koma, vifupisho na simu ya usiku: mafunzo kwa wahudumu wa afya waliosomea nje

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na miongoni mwao wamo wauguzi, wakunga na madaktari waliosomea Kongo, Burundi au Sudan Kusini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, ila wodini hawaingii mpaka wasajiliwe na baraza la taaluma yao. Usajili unathibitisha vyeti. Hauthibitishi kwamba mtu ataeleweka akipiga simu saa nane usiku.

Wengi wakisikia "mafunzo ya mawasiliano" hudhani ni darasa la Kiingereza. Kiingereza kinahitajika, maana ndicho cha kwenye faili. Lakini makosa tunayoyahofia zaidi hayatokani na sarufi. Aliyesoma kwa Kifaransa huandika 2,5 pale ambapo hapa tunaandika 2.5. Koma hiyo ikififia, muuguzi wa zamu inayofuata anasoma 25, na mgonjwa anapata dozi mara kumi. Nukta nayo hufifia, kwa hiyo wenyeji wasijione salama: andika 5, si 5.0, andika 0.5, si .5. Vifupisho navyo vina hatari yake. Presha ni TA kwa aliyesoma kwa Kifaransa na BP kwa aliyesoma kwa Kiingereza. Kipimo cha haraka cha malaria ni TDR au RDT. Andika neno zima, hata kama foleni ni ndefu.

Kigumu kuliko vyote ni kumpigia simu mkubwa wa kazi. Mgeni huanza na salamu, kisha kuomba radhi kwa usumbufu, kisha kueleza habari kwa kuzunguka, kwa heshima tu. Damu haisubiri. Tunafundisha hatua nne, utaratibu uliotoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani kabla ya kufika hospitalini: kinachotokea sasa, historia fupi, unavyoona wewe, unachoomba. Kwa mfano:

"Daktari, ni mkunga wa wodi ya wazazi. Mama amejifungua, anatokwa damu, imeshapita nusu lita. Ni uzazi wake wa tano, nimempa oksitosini uniti 10. Mapigo 124, presha 85 kwa 50. Naona mfuko wa uzazi haujakaza. Naomba uje sasa hivi."

Sentensi ya mwisho ndiyo wanaoisema kwa shida. Daktari akitoa agizo, mkunga analirudia neno kwa neno kabla ya kukata simu.

Kwenye vituo vya afya vya makazi ya wakimbizi kama Nakivale, mhudumu anayejua Kiswahili huishia kuitwa kila chumba kutafsiri, na wagonjwa wake mwenyewe wanangoja. Hilo inchaji, yaani msimamizi wa kituo, alipange kwenye ratiba ya zamu. Naye pia aketi darasani, kwani mkunga aliyefundishwa kusema waziwazi akijibiwa kwa ukali mara moja, usiku unaofuata hatapiga simu.